Ukurasa Mmoja, Siku Moja

Mume wangu alikuwa mtu wa saa. Sisemi alikuwa na saa tu. Wenye saa walikuwepo wengine pale kijijini kwetu Kaniha, na mmoja wao saa yake ilisimama tangu hatujahamia kijijini, lakini kila Jumapili aliivaa kwenda kanisani. Mume wangu alikuwa mtu wa saa kwa maana kwamba usipomtajia saa, aliona hujamwambia kitu. Ukimwambia mbuzi amezaa, atauliza saa ngapi. Ukimwambia mgeni alipita, atauliza saa ngapi kabla hajauliza mgeni gani. Nilipoolewa naye, nikitokea kwetu Bugarama upande wa Ngara, nilidhani ni maringo. Baadaye nikajua ni ugonjwa, nikauzoea kama wanawake wengine wanavyozoea mume anayekoroma.

Tulipohamishiwa kijiji cha Ujamaa, viongozi walimpa kazi iliyomfaa kabisa: kugonga ringi. Ilikuwa ringi ya lori, imetundikwa kwa waya mbele ya ofisi ya kijiji, naye aliigonga kwa kipande cha nondo. Saa moja asubuhi, watu waende shamba la kijiji. Saa nne, wapumzike. Saa sita, warudi makwao. Saa kumi, mkutano kama upo, na mkutano haukukosa kuwepo. Alitakiwa pia aandike nani kafika na nani hakufika, basi akapewa daftari. Alipiga mistari kwa rula, akaweka safu ya saa, safu ya kazi na safu ya majina. Kazi hiyo ilimkolea. Haikupita muda akanunua daftari jingine la kwake mwenyewe, akaanza kuandika na saa za nyumbani.

Siku hizi wajukuu wananiuliza bibi alianzia wapi hii tabia ya kuandika kila siku, maana madaftari yangu yamejaa sanduku zima na yananuka panya. Wanadhani nilifundishwa na masista. Nawaambia yalianzia kwenye ringi ya lori, wanacheka. Lakini ni kweli tupu. Kama isingekuwapo ile ringi, mume wangu asingepiga mistari. Na kama asingepiga mistari, mimi nisingeshika kalamu.

Nilikuwa nikisoma daftari lake akiwa hayupo, naye alijua, wala hakunikataza. Lilikuwa na nini hata alifiche? "Saa kumi na moja na nusu, kuamka. Saa kumi na mbili, uji. Saa moja, ringi. Saa saba, ndizi na maharage." Siku baba yake alipofariki ameandika hivi: "Saa nne usiku, Baba. Saa tano, mvua." Hapo nilimjia juu. Nikamuuliza, mtu aliyekuzaa unampa mstari mmoja sawa na mvua? Mbona hukuandika hata neno la kulia? Akaniambia kwa utulivu kwamba saa iko pale, na atakayeiona atajua. Nilimwona hana moyo. Leo nikiutazama ule mwandiko naona herufi zimetetemeka, lakini wakati ule nilikuwa msichana wa hasira za karibu, sikutazama herufi.

Kwetu Bugarama wakati ulikuwa na kazi, haukuwa na namba. Kulikuwa na wakati wa kutoa ng'ombe, wakati wa umande kukauka, wakati wa ng'ombe kunyweshwa, wakati wa kuku kurudi bandani. Ukimwambia mtu "njoo ng'ombe wakiwa wanarudi," alikuja, na hakuna aliyechelewa wala kuwahi. Saa tulizijua shuleni, zikiwa za Kiswahili pamoja na hesabu na habari za maakida wa zamani, na tulipotoka shuleni tuliziacha hukohuko. Ndiyo maana hadi leo siwezi kuandika kumbukumbu zangu kwa lugha yetu, Kihangaza. Mambo ya siku na tarehe yaliingia kichwani mwangu kwa Kiswahili, na yamekataa kuhama.

Vita ilipokuja, mume wangu akachukuliwa na wenzake wa mgambo. Asubuhi ya kuondoka aliamka kabla ya majogoo, akagonga ringi mwenyewe mara ya mwisho, kisha akarudi nyumbani na daftari jipya. Alinikabidhi akiwa amesimama mlangoni, mama yake anatazama.

"Ukurasa mmoja, siku moja," akasema. "Jina la siku juu. Usiruke, usichanganye. Nikirudi nitasoma nijue siku zangu za hapa zilikwenda wapi."

Mwanamume anakwenda vitani, ananiachia kazi ya shule! Nilikuwa na maneno yangu mengine niliyoyapanga usiku kucha, yote yakanitoka kichwani. Nikamuuliza, "Na saa naandika kwa saa gani, nawe unaondoka na saa?"

"Andika bila saa," akasema, kwa sauti ya mtu anayekuambia ule mboga bila chumvi. Akampigia mama yake magoti, akanishika bega, akaenda.

Ringi nayo ikanyamaza. Amri ilikuja kwamba isigongwe ila kwa hatari, ili ikilia watu wajue ni kukimbia na si kwenda kulima. Basi kijiji kizima kikapotea saa. Wengine walifika shamba la kijiji wenzao wakiwa wanarudi, wakagombana nani mvivu, na mwenyekiti wa kijiji akawa anapita nyumba hadi nyumba akipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Niliwaza jinsi mume wangu angeteseka kuona hali ile, na kwa mara ya kwanza nikamcheka kwa upendo.

Jioni ya kwanza niliwasha koroboi, nikafungua daftari, nikataka kumwiga. "Saa moja (nadhani), kuamka. Saa mbili (nadhani), kuchota maji." Ukurasa ukawa nadhani tupu, na chini ulibaki mtupu kama shamba lisilopandwa. Kesho yake hivyo hivyo. Siku ya tatu nikachoka na nadhani zangu, nikaandika jambo lenyewe: kwamba kisimani nilimkuta mke wa jirani analia kwa sababu mumewe aliondoka wakiwa wamenuniana, na kwamba nilimtua ndoo tukakaa chini, na kwamba maji tuliyoteka yalikuwa na viluwiluwi. Ukurasa ukajaa mpaka pembeni. Nilishangaa. Saa ilipokuwepo ilikuwa inajibu kila kitu. Unaandika "saa mbili, maji," umemaliza. Ilipoondoka, ikanibidi niseme kulitokea nini. Tangu jioni ile sikuandika tena kama mume wangu, na sijawahi kurudi.

Mama mkwe wangu hakujua kusoma, lakini alilipenda lile daftari kuliko mimi. Kila tukimaliza kula alisogeza kigoda na kusema, "Haya, nisomee siku." Nami namsomea. Akisikia mahali pake anakuwa mkali.

"Mimi sikusema hivyo."

"Ulisema, mama."

"Basi nilisema. Lakini wewe nawe, kila kitu ni cha kuandika?"

Kesho yake anafanya jambo huku ananitupia jicho, aone kama nitaliandika. Na kwa kuwa daftari lilikuwa na jina la siku juu ya kila ukurasa, yeye aliyekuwa hodari wa kuhesabu siku kuelekea Jumapili akaacha kuhesabu. Mtu akimuuliza leo siku gani, anamwambia, "Muulize mke wa mwanangu, kazi hiyo ina mwenyewe." Sifa ile ilinipendeza, siwezi kukana.

Vita ikaisha. Redio ya mwenyekiti ilitangaza ushindi, tukaimba na kucheza mpaka vumbi likatanda. Kisha betri za redio zikaisha nazo, na dukani hakuna nyingine. Hakukuwa na betri, sabuni, chumvi wala mafuta ya taa. Wanaume wakaanza kurudi mmoja mmoja, wamekonda, wamevaa makoti makubwa. Wangu hakuwemo. Mke wa jirani yule wa kisimani alimpata wake, na nilimfurahia kweli, lakini niliporudi ndani niligeuza uso ukutani.

Jumapili moja baada ya sala, mgambo mmoja aliyerudi alitukuta nje ya kanisa. Mama mkwe akamkatisha hata shikamoo yake haijaisha, "Marahaba, marahaba, sema." Akasema malori yanawarudisha watu kwa maeneo. La watu wa upande wetu litafika Nyakanazi Jumamosi. Si hii inayokuja, ile ya pili. Hilo ndilo la mwisho.

"Wote waliosalia watakuwa humo?" mama mkwe akauliza.

Yule mtu akatazama viatu vyake. "Mama, mimi nilitenganishwa nao mapema. Nilisikia baadhi walipatwa na mabaya, sijui ni nani. Lakini asiyeshuka siku hiyo, msimngoje tena."

Tukarudi nyumbani. Kungoja pale kijijini kusingewezekana, maana mtama wetu ulikuwa umekomaa kwenye mahame, yaani lile boma la zamani tuliloliacha tulipohamishiwa kijijini, na nyani na ndege walikuwa wanaumaliza. Watu wa kijiji walikuwa wakienda kwenye mahame yao kulinda na kuvuna kisha wanarudi. Nilijaribu kusema tubaki, nina hofu ya kuwa mbali. Mama mkwe akaniuliza, "Akirudi atakula nini, ringi?" Jumatatu tukafunga mizigo. Tena kutoka kule mahame njia ya kwenda Nyakanazi ilikuwa fupi kuliko kutokea kijijini, tungekwenda moja kwa moja.

Kule tulikuwa wawili tu. Jirani wa karibu humwoni, labda moshi wake. Mchana tulipiga debe na kurusha mawe, jioni tunakula, ninaandika, ninamsomea siku. Koroboi ilikuwa na mafuta kidogo nikaipunja utambi, lakini wiki ya pili ilipoanza, ikafa. Nikahamisha kuandika: nikawa naandika jua likiwa linazama, nje, karatasi ikiwa bado inaonekana.

Halafu ukaja usiku wa nguruwe pori. Walivamia shamba kundi zima, tukatoka na vijinga vya moto, mama mkwe anatukana matusi ambayo sikujua anayajua. Tulipambana nao mpaka kukapambazuka, mtama wa upande wa bondeni ukawa umelala chini. Mama mkwe alikaa kwenye tuta. Mimi nilikuwa na hasira, sikuweza kulala wala kupika, basi nikachukua daftari asubuhi ile ile nikaandika nguruwe wote mpaka ukurasa ukaisha. Hasira ikapungua, nikawasha moto.

Tukafunga miganda ya mtama uliosalia. Ijumaa ya daftari ilipofika, tulisaga unga, tukafua nguo zetu kwa majivu. Jumamosi ya daftari tuliondoka alfajiri na daftari likiwa kwenye furushi langu. Mama mkwe alitembea mbele yangu kwa haraka, na kila alipojikwaa nilisogea kumshika, akanisukuma.

Nyakanazi wakati ule haikuwa mji. Ilikuwa njia panda, vibanda kadhaa vya chakula, nyumba za kulala wageni za udongo, na mapipa ya mafuta ambayo mara nyingi yalikuwa matupu. Tulikaa kwenye benchi la kibanda cha mzee mmoja aliyepika maharage na ugali wa muhogo. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akatuuliza tunangoja nani. Nilipomwambia, hakutuuliza hata kama tunanunua chakula.

Jua halijapanda sana, lori likatokea njia ya Biharamulo, limejaa wanaume wa mgambo. Nilisimama kabla halijasimama. Wakashuka wengine, wakanyoosha miguu, wakanywa maji. Nilipita katikati yao nikitazama nyuso, na macho yangu yalikuwa yanawahi kukata tamaa kuliko mimi. Mama mkwe yeye alizunguka lori lote kama anayelinunua. Hakuwemo. Nikamuuliza mmoja, "Watu wa Kaniha?"

"Sisi ni wa Kibondo, dada. Wa Kaniha humu hamna."

"Leo si ndiyo siku yao? Jumamosi?"

Alikuwa tayari anapanda. "Hatukupewa watu wa Kaniha," akasema, na lori likaenda zake na njia ya kusini, vumbi likatufunika.

Mama mkwe alikaa chini, si kwenye benchi, chini kwenye udongo. Akafungua kitambaa cha kichwani, akakiweka mapajani. Kwetu na kwao pia, mama akishakaa hivyo kichwa wazi, msiba umeanza. Nikamwambia, "Mama, tungoje, huenda liko jingine." Akasema, "Tumeambiwa, asiyeshuka leo tusimngoje." Hakulia. Alianza tu kumtaja mwanawe kwa sauti ya chini, akihesabu mambo yake tangu utotoni. Mimi nilisimama pale na furushi langu na sikuhisi kitu chochote, wala miguu. Nilichowaza ni cha kipuuzi: kwamba jioni itabidi niandike, na sitajua niandike nini chini ya neno Jumamosi. Kwa mara ya kwanza nikauelewa ule mstari wake kuhusu baba yake. Nami nisingeweza zaidi ya saa na jina.

Yule mzee wa kibanda alituletea maharage bila kuulizwa, mama mkwe akageuza uso. Mzee akasimama kidogo, akarudi. Jua lilipofika katikati nikamwona anafunika masufuria yake, anachukua birika, ananawa uso, mikono na miguu. Akaingia ndani akatoka na kanzu na kofia. Vibanda viwili vya pembeni navyo vilikuwa vinafungwa, na wanaume wanakwenda kwenye banda la nyasi ng'ambo ya barabara.

Sijui kilichonifanya niulize. Nadhani nilikuwa natafuta neno lolote la kusema. "Baba, mbona mnafunga wote?"

"Leo Ijumaa, mwanangu. Tunakwenda kuswali, tutarudi sasa hivi."

"Jana ndiyo ilikuwa Ijumaa," nikasema.

Akanitazama kwa huruma, akidhani msiba umenichanganya. "Leo Ijumaa," akarudia polepole.

Mama mkwe akainua kichwa kutoka pale chini. "Kitabu kinasema Jumamosi."

"Kitabu gani, mama?"

"Cha mke wa mwanangu. Hakiruki siku. Labda ninyi Waislamu ndio mmekosea."

Ningeweza kuzama ardhini kwa aibu, lakini yule mzee alicheka, kicheko kizuri kisicho na kisu ndani. "Tunaweza kukosea, mama. Lakini wote hawa, siku moja?" Akanyoosha mkono kuelekea barabarani, ambako watu walikuwa wanaongezeka, na mmoja anakimbia akifunga vifungo. Kisha akaenda zake.

Nilianza kucheka. Sikuweza kujizuia, nilicheka mpaka nikashika nguzo ya kibanda, na machozi yaliyogoma asubuhi yote yakashuka humo humo kwenye kicheko. Mama mkwe akanikemea. "Unacheka nini? Mume wako hajashuka!"

"Hajashuka kwa sababu siku yake haijafika, mama! Leo Ijumaa! Lori lake ni kesho!"

Akalipima jambo lile, uso umekunjamana. Alilitazama banda la nyasi, akalitazama furushi langu, akaitazama barabara. Halafu akachukua kitambaa chake mapajani, akakikung'uta vumbi, akakifunga tena kichwani, akakikaza. "Basi hayo maharage yako wapi?" akasema.

Tulikula kama watu waliofungua mfungo. Kisha nikatoa daftari, nikaanza kufukua siku moja moja kutoka mwisho kwenda nyuma, yeye akisikiliza. Ijumaa, tulisaga. Alhamisi, tulifunga miganda. Jumatano, nguruwe. Jumanne, koroboi imezima. Nikarudi tena kwenye nguruwe, nikaona. Usiku ule ulikuwa wa kuamkia Jumatano. Nilipouandika asubuhi niliweka juu yake Jumatano, sawa kabisa, na ukurasa ukajaa. Jioni ya siku hiyo hiyo jua lilipokuwa linazama nikakaa kama kawaida yangu, nikaona Jumatano imeshajaa, nikafungua ukurasa mpya. Na ukurasa mpya ni siku mpya, ndivyo nilivyoagizwa na mwenye saa. Nikaandika Alhamisi, na tangu hapo tulikuwa tunaishi siku moja mbele ya watu wote wa dunia.

"Kwa hiyo nguruwe walikula siku nzima," mama mkwe akasema.

"Hawakuila, mama. Walituongezea."

"Washenzi," akasema, lakini midomo ilikuwa inamcheza.

Nimelifikiria jambo lile mara nyingi, nikiwa na kalamu mkononi. Tulidhani kitabu kinazishika siku, kumbe ni koroboi iliyokuwa inazishika. Ilipokuwa inawaka, siku ilikuwa na mwisho mmoja, nayo niliifunga jioni kama mtu anayefunga mlango. Ilipozima, nikawa nafungua asubuhi, nafunga jioni, na katikati hapo siku moja ikazaa mbili. Tangu mwaka ule naandika jioni tu, hata kama nyumba inaungua.

Lakini sitaki kusema kwamba furaha ile ilikuwa kamili. Tulilala kwa mke wa yule mzee, alitukaribisha vizuri na hakukubali tumpe hata unga, na usingizi ulinijia kwa vipande. Tulikuwa tumeokolewa kwenye msiba, ndiyo, ila kwa siku moja. Kesho yake swali lilikuwa palepale, na safari hii hakuna ukurasa wa kukosea. Mama mkwe naye alijua, maana asubuhi alifunga kitambaa kwa mafundo mawili.

Jumamosi ya kweli ilikuwa na joto. Lilipita lori la pamba, likapita la mbao, likapita gari la misheni. Wale wengine waliokuwa wanangoja watu wao walifika kutoka kijijini, wakashangaa kutukuta tumeshakaa. Adhuhuri ikapita. Lori la mgambo likaja jua likiwa limeinama, na mtu mmoja juu yake akapiga kelele, "Kaniha!"

Wakaruka chini. Nilisikia majina yanaitwa, wanawake wanapiga vigelegele, mtoto analia kwa kumwogopa baba yake. Nilisimama pembeni ya mlango wa nyuma nikimtazama kila anayeshuka, na kila sura ilikuwa nzuri na haikuwa yake. Wakapungua. Akashuka wa mwisho, mzee mwenye mvi, akajishika kiuno. Dereva akapandisha mlango wa nyuma, akabana komeo, akarudi usukani. Injini ikaanguruma.

Mama mkwe wangu alikwenda mbele ya lori, akasimama katikati ya barabara, akaweka mikono yote miwili kwenye boneti.

"Rori hili haliendi," akasema. "Nipe mwanangu."

Dereva akatoa kichwa akaanza kugomba. Ndipo yule mzee mwenye mvi akapiga paji lake la uso. "Jamani, bado mmoja! Amelala huko nyuma ya magunia, tangu Biharamulo hatujaweza kumwamsha!"

Nilipanda mwenyewe, sikungoja wafungue. Alikuwa amejikunja kati ya magunia na ubao, mdomo wazi, ndevu zimeota hovyo, vumbi limempaka kope. Niliweka mkono kifuani pake, ukapanda ukashuka. Nikamwita. Alifungua macho, akanitazama muda mrefu bila kunielewa, akatabasamu, akayafumba tena.

Tulimshusha watu wanne. Mama yake alimshika kichwa kwa mikono yake miwili, akamgeuza huku na huku akimkagua, masikio, meno, shingo, kisha akampiga kofi la mgongo na ndipo alipolia. Mume wangu alisema, "Shikamoo mama," na sauti yake ikapotelea kwenye bega langu. Tukamketisha kwenye benchi la kibanda. Mzee wa kibanda akamwekea chakula mbele yake. Akala matonge mawili, la tatu akabaki nalo mkononi, kichwa kikaniegemea, akalala.

Watu walisema tumwamshe, kijijini kuna ngoma. Mama mkwe akawaambia watangulie. Nilikaa pale nimembeba, nasikia pumzi yake inaingia na kutoka shingoni kwangu, ya moto, ya kawaida. Mguu wangu ulikufa ganzi, nao sikuusogeza.